Mzee Kupe anajibu: mtoto anayeongea na mbuzi, na barua nyingine

Haya jamani, mwezi huu nilifungua barua nikitegemea yale yale, kuku wanahara, ng'ombe kakataa kupandwa, nguruwe hali, kumbe karibu zote zimekuja na jambo moja, watu wanauliza habari ya mnyama na moyo wa binadamu. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi niliogesha ng'ombe wa watu kwenye josho miaka ishirini na kitu huko Kiruhura, magharibi mwa Uganda, ndio jina Kupe likaninasa kama kupe mwenyewe, sasa niko Bweyale na kaduka kangu ka dawa za mifugo. Si daktari wa watu mimi. Najibu kama jirani aliyeshinda na wanyama maisha yake yote, na pale pa hospitali nitakwambia nenda hospitali, tusilaumiane.

Barua ya kwanza

Jambo Papa Kupe. Niko hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulitoka Kivu, Kongo, na watoto watatu. Huyu wa kati ana miaka 11. Tangu tukimbie hasemi. Si bubu, ukimuuliza kitu anajibu ndiyo ao hapana na kichwa, basi. Mwaka jana tulinunua mbuzi mmoja mdogo, jike, mtoto akamuita Mupira juu alikuwa na tumbo kubwa. Sasa juzi usiku mvua ilinyesha ya nguvu nikasikia sauti kule kibandani, nikadhani ni mwizi. Ni mtoto wangu anaongea na mbuzi. Anamwambia usilie, ni mvua tu, si masasi, itapita. Nilisimama pale nikalowana, sikutaka anione. Shida ni bwana yangu anataka kuuza mbuzi tulipe deni na vitu vya shule. Nifanye nini? Na ni kawaida mtoto aongee na mnyama na haongei na mama yake? — Mama wa Nakivale

Jibu: Mama, barua yako niliisoma mara mbili halafu nikatoka nje kidogo kupunga upepo.

Ni kawaida, na isikuume. Mtoto hajakukataa. Mbuzi hamuulizi maswali, hamkodolei macho akisubiri jibu, hamwambii ona wenzako wanavyoongea, akianza neno akaliachia katikati mbuzi anaendelea kutafuna tu. Halafu angalia alichomwambia. Usilie, ni mvua tu, si risasi, itapita. Hayo maneno unadhani aliyaokota wapi? Mimi naona ni yako, ulimwambia usiku fulani njiani wakati mnakimbia na wewe mwenyewe umeshasahau. Kwa hiyo uliyokuwa unamwambia yote aliyasikia na ameyaweka.

Kuna kisa kimoja cha zamani, New York. Mtaalamu wa saikolojia ya watoto, Boris Levinson, alikuwa na mbwa wake anaitwa Jingles. Siku moja mama kamleta mtoto kabla ya saa ya miadi, mtoto ambaye wameshamzungusha kwenye matibabu muda mrefu bila nafuu, na mbwa alikuwa hajafungiwa, akamkimbilia mtoto akaanza kumlamba. Badala ya kuogopa mtoto akamshika, akacheza naye, akataka kurudi siku nyingine, na polepole kupitia kwa mbwa yule mtaalamu naye akapata pa kupenyea. Mwaka 1962 Levinson akaandika kwamba mbwa alikuwa kama msaidizi wake wa kazi, na wapo wenzake waliomcheka, leo kazi hiyo inafanyika nchi nyingi. Lakini usisahau Levinson mwenyewe alikuwemo chumbani. Mbwa peke yake angeishia kulambana na mtoto.

Kwa hiyo na wewe ingia kibandani. Usimwambie kabisa kwamba ulimsikia. Jioni beba ungo wako, kaa pale uchambue maharage, usimuulize mtoto chochote, muulize Mupira. Mupira umeshiba? Mupira leo nani kakunywesha maji? Halafu nyamaza uendelee na maharage. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, siku moja atamjibia mbuzi. Nimeiona hii kwa macho yangu hapa Bweyale kwa binti mmoja na kuku wake, sikuamini.

Sasa bwana yako. Deni ni deni, simlaumu. Ninachoogopa mimi ni mbuzi kuuzwa kimyakimya asubuhi mtoto yuko shule, akirudi akute kamba tupu, mtoto ambaye tayari ameshapoteza nyumba na watu kwa usiku mmoja. Hiyo hapana. Mwambie bwana hesabu hii: mbuzi jike anabeba mimba siku kama 150, yaani miezi 5, na mara nyingi anazaa mapacha. Tafuteni dume la jirani, mpandisheni, watoto wakishaachishwa muuze hao, Mupira abaki. Na mtoto aambiwe mapema kabisa kwamba wale watauzwa, asishtukizwe, mpeni yeye kazi ya kuhesabu siku.

Tahadhari yangu kama mtu wa mifugo: mbuzi akizaa mtoto asishike kondo la nyuma wala majimaji kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe, kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa mbuzi na ng'ombe kuingia kwa watu, homa yake inakuja na kuondoka miezi na miezi watu wanadhani ni malaria. Na wasilale pamoja, viroboto.

Na makambini huwa kuna washauri wa watoto, ulizia kituo cha afya au wale wanaosimamia watoto. Kama anakojoa kitandani, anaota anapiga kelele, hali, usingoje. Mbuzi anasaidia sana ila hawezi kubeba yote.

Barua ya pili

Mzee wetu, salama? Mimi ni boda hapa Busia, miaka 46, nimepimwa nikaambiwa nina presha nikapewa vidonge. Sasa pale steji kuna jamaa anasema wazungu siku hizi hawamezi dawa wanafuga mbwa tu presha inashuka, eti hata kumpapasa tu. Nimeona mbwa wa kizungu wanauzwa Kampala bei ya kutisha. Ni kweli ama ananiuzia mbwa wa shemeji yake? — Boda, Busia

Jibu: Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Anakuuzia mbwa wa shemeji yake, lakini uongo wake una punje ya ukweli ndani, ndio maana unauzika.

Ukweli ni huu. Afrika Kusini, Odendaal na mwenzake Meintjes walipima damu za watu na damu za mbwa kabla na baada ya watu kuwapapasa mbwa taratibu, wakaandika 2003. Dakika chache tu, na ile homoni ya oksitosini, ambayo mama anayenyonyesha anayo kwa wingi, ikapanda kwa mtu na kwa mbwa pia, pande zote mbili, na kwa mtu ile ya wasiwasi inayoitwa kotisoli ikashuka. Kwa hiyo ukimkuna mbwa na yeye anakukuna kwa ndani, ndivyo ninavyopenda kuiweka.

Kuna nyingine ya zamani zaidi, Marekani, ya Erika Friedmann na wenzake mwaka 1980. Walifuatilia wagonjwa 92 waliotoka hospitali na ugonjwa wa moyo. Wenye mnyama nyumbani walikuwa 53, baada ya mwaka walikuwa wamekufa 3. Wasio na mnyama 39, walikufa 11. Ukisoma hivyo unakimbia sokoni kununua mbwa. Tulia. Tafiti zilizofuata zingine zilikubali zingine zikakataa, na mtu mwenye nguvu ya kufuga mbwa huenda tangu mwanzo alikuwa mzima kuliko mwenzake. Chama cha moyo cha Marekani, American Heart Association, kilikaa 2013 kikasema kufuga, hasa mbwa, huenda kunasaidia kupunguza hatari ya magonjwa ya moyo, lakini mtu asichukue mnyama kwa sababu hiyo peke yake. Angalia walivyosema kwa kujikwaa kwaa. Hakuna aliyesema acha vidonge.

Kwa hiyo vidonge meza, kila siku, hata siku unayojisikia mzima, maana presha haina kelele.

Sasa nikwambie mimi naona nini. Wewe kutwa nzima umekaa kwenye pikipiki. Mbwa kazi yake kubwa kwa mtu kama wewe ni kukutoa kitini, asubuhi anataka kutoka umtake usimtake, mvua ama jua, na unatembea nusu saa bila kujiambia nafanya mazoezi. Watu wa Busia watakucheka, boda anatembea kwa miguu na mbwa kwenye kamba, waache wacheke. Na mbwa wa kienyeji anatosha kabisa, yule wa kahawia mwenye masikio ya kusimama, anakula posho na mukene, wale dagaa, na mabaki yenu, jua la huku halimtishi. Huyo wa kizungu ana manyoya kama blanketi utamlisha hela yako yote ya mafuta, halafu presha ndio itapanda.

Mimi mwenyewe niliwahi kujipima, kuna ile mashine ya mkono dukani kwa jirani. Nilikuwa nimetoka kugombana na mwanangu kwa simu, ikasoma 150 kwa 95. Nikaenda nyuma kumtoa kupe ng'ombe wangu mmoja, unajua zile nyuma ya masikio na chini ya mkia, ng'ombe anafumba macho anakuegemea mpaka unakaribia kuanguka, nilikaa naye kama nusu saa nikarudi nikapima, 138 kwa 88. Mara moja hiyo, mtu mmoja, ng'ombe mmoja, usiende kunitangaza pale steji kama utafiti.

Barua ya tatu

Asalaam aleikum Mzee Kupe. Mimi ni mjane niko Arua, miaka 63. Wezi walipozidi mwanangu akaniletea mbwa wa kulinda. Sikumtaka. Sasa ni mwezi wa nane tangu aje, nikichelewa sokoni ananisubiri getini, nikiingia anapiga mkia chini pa pa pa, najikuta nacheka peke yangu na nilikuwa sijacheka tangu mume wangu atangulie. Majirani wanasema naharibu udhu na malaika hawaingii kwangu. Nimrudishe? Halafu binti yangu ana mimba anakuja kujifungulia hapa, tuna paka wawili, nasikia paka ni hatari. — Mama Getini, Arua

Jibu: Waaleikum salaam mama. Hili la udhu sikutaka kulibahatisha, mimi si wa dini yako, nikavuka barabara kwa shehe wetu hapa Bweyale, mzee ambaye mwenyewe ana mbuzi wengi na mimi ndiye namuuzia dawa ya minyoo. Alivyonieleza, hadithi za Mtume zimeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na wanazuoni wengi wakalinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba. Kinachokatazwa ni kumweka ndani tu kwa mapambo. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huku kwetu, tatizo ni majimaji, mate yake ama yeye akiwa amelowa, hapo panaoshwa mara saba moja kwa udongo. Mkia mkavu ukigusa gauni kavu hakuna kilichoharibika. Kwa Imamu Malik, ambaye ndiye anayefuatwa Sudan walikotoka mababu wa Wanubi wengi wa hapo Arua, mbwa aliye hai si najisi. Na akanikumbusha yule mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Muulize shehe wako wa hapo pia, usitegemee wa kwangu niliyemuuliza ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo kibanda chake kiwe nje, chombo chake cha chakula kiwe chake, uwe na kanga moja ya kushughulika naye na nyingine ya swala. Ulikuwa hujacheka tangu msiba. Mimi nisingemrudisha.

Ila ana chanjo? Hujaniambia na hilo linanisumbua kuliko malaika wa majirani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa, anakufa, na karibu wote wanaokipata hupewa na mbwa. Sindano ya kwanza akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mbwa mnayemjua, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, halafu mbio kituo cha afya kupata chanjo siku hiyo hiyo. Msipake pilipili, msipake mafuta ya taa, msiende kwanza kwa mganga.

Paka na mimba, hili watu wanalikuza. Kuna kijidudu kinatoka kwenye mavi ya paka kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, ni kweli, lakini kinahitaji siku moja mpaka tano nje ndipo kiweze kuambukiza. Mavi yakitolewa kila siku na mtu mwingine asiye na mimba, binti yako akinawa mikono baada ya kushika udongo, akiosha mboga, akila nyama iliyoiva kabisa, basi. Paka wasifukuzwe. Na wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba paka kwenu hana najisi, ni wale wanaowazungukia nyumbani.

Ya nne, fupi

Mzee mambo, niko hosteli karibu na Makerere, nina stress za mitihani, nataka kununua katoto ka mbwa kanipe company, chumba ni kidogo lakini nitajitahidi. Uzao gani unafaa? — Mwaka wa pili

Jibu: Hakuna uzao unaofaa. Utaenda likizo utamwacha na nani, mlinzi? Kalale kwanza masaa saba mazima usiku huu mmoja uone kama hiyo stress haijapungua. Ukitaka mbwa wapo pale kwa chama cha kutetea wanyama Kampala, USPCA, wana mbwa na paka wengi waliookotwa wanaohitaji mtu wa kuwatembeza na kuwasugua, nenda uulize kama wanapokea watu wa kujitolea wikendi. Utarudi na manyoya kwenye suruali na hutadaiwa chakula cha mtu.

Barua ya tano

Mzee Kupe habari. Nafanya kazi Kampala. Baba yetu ana miaka 74, mama alifariki miaka miwili iliyopita, amebaki Lyantonde na ng'ombe 9 na kijana mmoja wa kumsaidia. Ndugu wote tumekubaliana tuwauze ng'ombe tumlete mjini apumzike, chumba kipo, televisheni ipo. Anakataa, anasema heri tumuue tu. Anashinda na ng'ombe kuliko wajukuu wake. Tumshawishi vipi? — Kifungua mimba, Ntinda

Jibu: Msimshawishi.

Apumzike afanye nini? Nawajua wazee hawa, nimewaogeshea ng'ombe. Alfajiri anaamka si kwa sababu ya saa, anaamka kwa sababu kuna anayemlilia nje. Anamjua kila mmoja, yule wa kahawia iliyokolea, bihogo, ana jina lake na jina la mama yake na la bibi yake, ukimwacha aongee atakutajia ukoo wa ng'ombe kuliko unavyoujua wako. Jioni wanarudi, moto wa samadi unafuka moshi kuwafukuzia nzi, mzee anapita katikati yao anawawekea mkono shingoni mmoja mmoja bila kusema kitu, na mimi nilikuwa nikimaliza kazi nakaa kwenye ua kuangalia tu. Karamoja ndio wamezidi, mwanaume ana dume lake moja anayemtungia nyimbo, watu wanamwita yeye kwa jina la lile dume. Sasa huyo umchukue umkalishe Ntinda ghorofa ya tatu aangalie mpira?

Uswidi mwaka 2017 walitoa hesabu ya watu milioni 3.4 wa miaka 40 hadi 80 waliofuatiliwa miaka 12 hivi. Wanaoishi peke yao wakiwa na mbwa hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko wanaoishi peke yao bila mbwa. Hao ni mbwa si ng'ombe, na Uswidi si Lyantonde, na pengine wenye mbwa walikuwa wagumu tangu mwanzo, nishasema hilo kwa boda. Lakini umeona faida kubwa ilienda kwa nani, kwa aliye peke yake. Baba yako amefiwa. Asubuhi za nyumba iliyofiwa ni mbaya sana, na yeye ana sababu 9 za kutoka kitandani.

Mnachoweza kufanya: mumwombe, yeye mwenyewe achague, abaki na wanne ama watano, hao wengine wauzwe hela imlipe yule kijana mshahara mzuri asikimbie. Mpeni simu ya batani kubwa. Apimwe macho, maana ng'ombe wenye pembe zile na mzee asiyeona vizuri ni ajali. Na likizo pelekeni wajukuu huko kwake, kabla ya kulalamika kwamba hashindi nao.

Barua ya mwisho

Mzee, jambo. Mimi ni askari mstaafu, nimetumika miaka 22, sasa nalima karibu na Gulu. Mbwa yangu aliumwa na nyoka akafa wiki tatu zimepita. Nililia mbele ya watoto. Mke wangu hasemi kitu ila mashemeji wananicheka. Tangu afe silali. Naamka saa nane usiku nazunguka nyumba na tochi, na hiyo tabia nilikuwa nimeiacha miaka mingi. Nimerukwa na akili kwa sababu ya mbwa? — Afande

Jibu: Hapana afande. Umepoteza mlinzi wako wa zamu.

Fikiria mwenyewe, umetumika miaka 22, mwili umefundishwa kwamba usiku lazima mtu mmoja awe macho. Ukaja ukapata mbwa, mbwa akachukua ile zamu, ukaanza kulala bila hata kujua kwamba ni kwa sababu yake. Sasa lindo liko tupu na mwili wako umerudi kulishika. Mashemeji wako wamelala miaka yote hiyo bila zamu, watajuaje.

Hapo hapo Gulu kwenu kuna watu wanafanya kazi hii hii. Francis Okello Oloya, alipofuka akiwa na miaka 12, alikuwa analima na jembe likagonga bomu lililobaki ardhini. Shuleni usiku kwenda chooni ilikuwa shida kwa kipofu, mbwa wa pale wakawa wanamsindikiza, na kutoka hapo akaja kuanzisha mradi wa mbwa wa faraja kwa walionusurika vita, vile vya Kony na waasi wake vya karibu miaka ishirini. Wanaokota mbwa wasio na mtu, wanawatibu, wanawachanja, halafu wanamkutanisha mbwa mmoja na mtu mmoja wafundishwe pamoja. Waliotekwa wakiwa watoto wapo, kila mtu na mzigo wake. Nenda hata kukaa kwenye benchi tu kuangalia. Hakuna atakayekuuliza mwanaume mzima analilia mbwa.

Na hospitali ya rufaa hapo ina kitengo cha afya ya akili, nenda uwaambie hivi ulivyoniandikia, saa nane, tochi, miaka 22. Hao wanaujua usiku huo. Kama kuna silaha nyumbani mpe mtu akuwekee kwa sasa. Na kama unaanza kunywa ili ulale, waambie hilo pia, usilifiche.

Mimi wangu alikufa miaka sita iliyopita, uzee tu, nilimzika chini ya mwembe nyuma ya duka nikawaambia watu nachimba shimo la takataka. Mpaka leo mke wangu anajua na mimi najua kwamba anajua.

Usikimbilie kumleta mwingine kesho ili kuziba. Lakini siku ukiona kuna katoto mahali kanakufuata, usikajibu vibaya. Akifika miezi mitatu panda naye basi la Kampala ushuke Bweyale, uliza duka la Kupe, sindano ya kwanza ni juu yangu.